Kuhusu ile panorama yako ya ufukweni

Rafiki yangu,

Picha zimefika na nimezikalia sana, hasa ile panorama, picha ndefu uliyoiunga toka fremu kadhaa, ya ufuo wote na mahoteli. Umeniuliza kwa nini ghuba imetoka imenyooka wakati ukiwa pale uliiona imejikunja vizuri kabisa. Ni swali zuri kuliko unavyodhani na nataka nikujibu vizuri kabla hujarudi kupiga tena.

Ulisimama mwisho wa gati, sio? Sasa ukisimama pale uko karibu na katikati ya duara la ghuba yenyewe, yani kila hoteli iko umbali ule ule toka kwako, ya kushoto, ya kati, ya kulia, zote. Kamera ikizunguka inaziona zote zina ukubwa mmoja, na panorama ikishatandazwa hakuna kitu cha kuonyesha kwamba ufuo umekunja, mkunjo umeliwa hapo. Na kinyume chake pia kipo, barabara ya ufukweni iliyonyooka kabisa ukiipiga panorama ukiwa umeikaribia inavimba katikati kuja kwako halafu pembeni inasinyaa. Hili watu walilijua zamani sana. Ile kamera ya Cirkut, iliyopata hataza Marekani mwaka 1904, ilikuwa inajizungusha yenyewe kwa mtambo wa saa huku filamu ikipita nyuma ya kijitundu chembamba, na wapigaji wa picha za vikundi walikuwa wanawapanga watu kwenye nusu duara kuizunguka kamera ili kwenye picha waonekane wamesimama mstari mmoja. Wewe ghuba ndo ilikupangia hivyo bila wewe kutaka. (Kamera hiyo ilikuwa inazunguka taratibu mpaka mtu aliyepigwa mwanzoni aliweza kukimbia kwa nyuma akatokea tena mwisho wa picha, napenda sana picha za aina hiyo.)

Kwa hiyo hama gati. Nenda kwenye rasi, ile ncha ya ghuba, na upande juu kadiri utakavyoruhusiwa. Ukiwa pembeni hoteli za karibu zitakuwa kubwa na za mbali zitakuwa ndogo, ufuo utajikunja kama mundu, na hautahitaji hata kuzunguka nusu duara, nyuzi 90 au 120 zinatosha kabisa. Na urefu kwenda juu una faida nyingine. Macho yakiwa mita 1.7 juu ya maji upeo wa bahari uko kama kilomita 5 tu, ukipanda mita 30 unasogea mpaka karibu kilomita 20, na muhimu zaidi ule mchanga ambao ukiwa chini ni kamstari unafunguka, unaona pale mchanga unapokutana na maji, povu, miamvuli, watu. Hapo ndo penyewe. Mtu anayetazama picha ya ufuo anafuata ule mstari wa maji toka mwanzo mpaka mwisho, ukimnyima huo unampa mahoteli tu.

Halafu maji. Angalia ratiba ya kupwa na kujaa, kwa pwani nyingi toka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa nzuri ya leo kesho haipo pale pale. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanaenda mbali sana na pengine utabaki na mwani na matope, au yakijaa mchanga wote unazama. Mimi napendelea maji yakiwa katikati yanapanda. Jua liwe chini na upande wa mgongo au wa bega, adhuhuri kila kitu kinalala bapa.

Pale kwenye picha yako wimbi limekatika, povu linaishia hewani, ni kwa sababu fremu mbili zimepigwa wimbi likiwa sehemu tofauti. Tulia utazame mawimbi kwanza, yanakuja makubwa kadhaa halafu bahari inapumzika, zile fremu zenye povu zipige haraka haraka wakati wa kupumzika, na kiungo kiangukie kwenye mchanga mkavu. Kamera ishike wima, fremu zipandane kwa theluthi au hata nusu, maana programu ya kuunga kama Hugin inatafuta alama zinazofanana na kwenye maji matupu na anga haipati kitu cha kushika, ni vizuri kila fremu iwe na kipande cha nchi kavu au boti iliyotia nanga. Mwanga, fokasi na rangi vyote toa kwenye otomatiki, la sivyo anga inatoka na mabaka. Filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, ivue kabisa, inatia giza zaidi sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 toka kwenye jua na kwenye picha pana inaacha doa la bluu katikati, nimeliona kwenye ile picha yako ya pili.

Upeo uweke katikati ya fremu hata kama hupendi, ukiinamisha kamera bahari inapinda, utakata juu au chini baadaye. Na usizunguke wewe na mikono imenyooka, kamera ndo ikae pale pale na wewe uizunguke, na kama kuna ukuta au reli karibu rudi nyuma au uiache nje ya picha, vitu vya karibu ndo vinavyovunjika kwenye kuunga.

Upana usikushawishi. Kamera ya panorama ya Hasselblad XPan ya mwaka 1998 fremu yake ilikuwa milimita 24 kwa 65, upana haufiki hata mara tatu ya kimo, na bado watu wanaitafuta. Utepe mrefu kwenye simu hauonekani kitu.

Ukishapiga nitumie fremu zenyewe kabla hujaziunga, na uzitume kama dokumenti sio kama picha maana WhatsApp inazibana, nataka nilione povu lake.

Wako,
rafiki yako