Apdeti ikiua mashine, mbona hatukufomatii kwa mia tano?

Duka letu la kutengeneza kompyuta limepewa nyota moja tena mtandaoni. Mteja anasema sisi ni wezi, tumemchaji 2,500 kutoa apdeti iliyoharibu mashine yake, kazi ya kubonyeza vitufe viwili, na kuna fundi huko chini kwa ngazi angemfanyia na mia tano kwa dakika ishirini. Si wa kwanza kusema hivyo. Microsoft huachilia apdeti za Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwetu Kenya hiyo ni usiku, kwa hivyo ikifika Jumatano asubuhi simu ya duka inaanza kulia, mashine imezunguka usiku kucha, mashine imeleta skrini ya bluu, mashine inajizima inajiwasha. Baadaye kidogo manung'uniko ya bei nayo yanafuata.

Sasa acha niseme hiyo mia tano inanunua nini. Inanunua fomati. Fundi anachomeka flashi, anafuta kila kitu kwa disiki, anaweka Windows mpya, na kweli kwa dakika ishirini mashine inawaka ikiwa nyepesi kama imetoka dukani. Mteja anafurahi mpaka afungue Documents.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa Umoja, mweka hazina wa chama, alifanyiwa hivyo. Leja ya chama ilikuwa kwa hiyo laptopu, nani ameweka ngapi, nani ana mkopo na nani amelipa nusu, na bakapu hakuna. Alitujia akiwa na mashine inayofanya kazi vizuri kabisa na shida yake ni kwamba haina kitu ndani. Ingekuwa ile disiki ya kizamani inayozunguka labda tungefukua, kwa sababu ukifomati haraka haraka data huwa bado imelala pale chini mpaka iandikwe juu. Lakini ilikuwa SSD, ile disiki ya kisasa isiyozunguka, na SSD Windows ikiifomati inaiambia kwamba nafasi yote iko wazi, halafu disiki yenyewe inaanza kujisafisha. Programu ya kufukua ikipita hapo inakuta sifuri tupu. Ilibidi mama wa watu akae na M-Pesa za wanachama mmoja mmoja aandike leja upya. Hiyo kazi yote ya kurudi nyuma ilianzia kwa apdeti ambayo ingetolewa bila kugusa faili hata moja.

Ndio maana mashine ikifika kwa meza yetu hatuanzi na Windows. Kwanza tunasoma afya ya disiki, na hapo ndio utashangaa, maana mara nyingi apdeti inalaumiwa bure. Apdeti inaandika maelfu ya faili kwa mpigo, na kwa disiki iliyokuwa inakufa pole pole hiyo ni kama kumtwika mgonjwa wa mgongo gunia la viazi. Ukifomati disiki ya hivyo utarudi baada ya wiki mbili na shida ile ile, ila safari hii data umeshaipoteza. Tukishasoma disiki tunanakili vitu vyako kwa disiki ya nje, tunafungua picha kadhaa na hizo Excel kuona kama zinafunguka kweli (kunakili bila kufungua si bakapu, ni matumaini), ndio sasa tuguse Windows. Vile vitufe viwili mteja aliona ni vya mwisho, hakuona saa mbili zilizotangulia.

Halafu kuna BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data ya disiki. Laptopu nyingi za siku hizi zikiingizwa kwa akaunti ya Microsoft zinafunga disiki zenyewe bila kukuuliza, na siku apdeti ikivuruga kitu pale chini, au mtu akichezea BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), inakuja skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Julai 2024 apdeti ya mwezi iliwaletea watu skrini hiyo sehemu nyingi duniani, na Mei 2025 ikatokea tena kwa baadhi ya mashine za Windows 10. Ukifomati ili kuikwepa hiyo skrini, umefunga mlango na kutupa ufunguo baharini, hakuna fundi wa Nairobi wala wa Marekani atakurudishia.

Kuna msichana alikuja akilia, tasnifu yake ya shahada ya pili iko ndani na fundi wa kwanza alikuwa ameingia BIOS akazima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, ili flashi yake ikubali. BitLocker ikaamka. Tukaingia kwa akaunti yake ya Microsoft kwa simu, ufunguo hakuna. Kumbe yule aliyemuuzia hiyo ex-UK (laptopu ya mtumba) ndiye aliiwasha mara ya kwanza na imeili yake mwenyewe, ili amkabidhi ikiwa tayari, kwa hivyo ufunguo ulikuwa kwa akaunti ya muuzaji. Tulimpata kwa kurudi nyuma kwa meseji za M-Pesa za siku alilipia. Akatusomea namba kwa simu, sita sita, makundi manane, huku matatu za barabarani zikipiga honi nyuma yake, na kundi la tano tukaliandika mara tatu. Tulirudisha kwanza Secure Boot, tukaingiza namba, tasnifu ikanakiliwa, ndio tukatoa apdeti. Kama umenunua ex-UK na hujui ni akaunti ya nani iko ndani, angalia leo.

Na si ati tunaficha siri ya kazi. Ukitaka kujaribu mwenyewe nyumbani, kwanza tumia simu uingie account.microsoft.com/devices/recoverykey uone kama ufunguo wako upo. Halafu washa mashine, nembo ikitokea tu kandamiza kitufe cha kuwashia mpaka izime, rudia hivyo mara mbili tatu na itakuletea Automatic Repair. Ingia Advanced options, Troubleshoot, Advanced options tena, Uninstall Updates, chagua quality update, ndiyo ile ya kila mwezi. Ikiwa ni ile apdeti kubwa ya kubadilisha toleo chagua feature update, lakini hiyo una siku 10 tu, zikipita Windows huwa imefuta toleo la zamani. Ikikubali, hongera, hatutaki pesa yako. Ila kama skrini bado inasema 30% na usizime kompyuta, basi usizime. Disiki ya kuzunguka inaweza kukaa hapo masaa na bado inafanya kazi. Mzee mmoja alizima yake kwa soketi kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zinaisha na aliona heri azime mwenyewe kuliko izimwe. Namuelewa, lakini ilikuja hapa imekwama katikati.

Oktoba 2025 hata hiyo njia ya mwenyewe ilifungwa. Apdeti ya mwezi huo ya Windows 11 ilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya hiyo sehemu ya ukarabati, yaani umefika kwa mlango na huna mkono wa kufungua. Microsoft walitoa dawa tarehe 20, lakini kama mashine yako haiwaki utaipokeaje? Sisi tuna kibodi ya kizamani yenye plagi ya duara ya zambarau badala ya USB, vijana wa duka walikuwa wanaicheka kila siku, na wiki hiyo ndiyo iliyofungua desktopu za watu.

Shida imeongezeka pia tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10. Watu wanasukuma Windows 11 kwa laptopu kama HP EliteBook 840 G3 ambayo haikubaliwi, wanaruka vizuizi kwa flashi, na Microsoft wamesema wazi mashine za hivyo hazina ahadi ya kupata apdeti. Kuanzia 840 G5 nyingi ziko sawa. Kama yako ni ya zamani, jisajili kwa apdeti za usalama za nyongeza, zinafika 13 Oktoba 2026 na kuna njia ya bila malipo ukitumia akaunti ya Microsoft.

Bei basi. Kuangalia ni 500, na ukikubali kazi inakatwa kwa bili. Kutoa apdeti pamoja na bakapu ni 2,500, disiki ikiwa mbovu tunakupigia kwanza na hatubadilishi bila wewe kusema ndio. Fomati pia tunafanya, lakini utaweka sahihi kwamba hakuna kitu ndani unachotaka, na wengi wakipewa hiyo karatasi wanakumbuka picha za harusi. Laptopu njoo na chaja yake. Desktopu leta CPU (lile boksi lenyewe) peke yake, usihangaike na skrini kwa matatu, tuko nazo.