Rejista Zetu Zinawashia Jiko: Barua ya Wazi kwa Binti Zangu wa Chama cha Wahitimu

Wanangu,

Mwezi uliopita niliitwa shuleni kwenye kikao cha kamati ya sherehe. Nikipita nyuma ya jikoni nilimkuta kijana anawasha kuni kwa karatasi. Nilidhani ni magazeti. Kumbe ilikuwa rejista ya mwaka 1964, jalada lake la kitambaa cheusi limeshaanza kushika moto pembeni. Niliinyakua nikauzima moto kwa leso yangu. Nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kuwa majivu.

Kijana hana kosa. Aliambiwa aondoe takataka stoo, kwa sababu chumba kile kitakuwa ofisi shule yetu ikishaunganishwa na ya wavulana ng'ambo ya barabara. Jioni nilifungua simu nikakuta kwenye kundi letu mnashangilia muungano huo. Mmoja wenu ameandika kuwa shule ni majengo na matokeo ya mtihani, jina si kitu. Watu thelathini na mmoja wakamuunga mkono. Nimewahesabu, na wengi wao niliwafundisha historia mimi mwenyewe.

Sikatai wavulana na wasichana kusoma pamoja. Ninachokataa ni kuingia kwenye ndoa bila kuulizana mahari.

Kila sherehe mnamtaja Wangari Maathai. Nikiuliza alisoma wapi Marekani, mnajibu Pittsburgh. Pittsburgh ilifuata baadaye, ndiko alikopata shahada ya uzamili mwaka 1966. Alipotoka hapa Kenya Septemba 1960, binti wa Ihithe aliyemaliza shule ya Loreto Limuru, katika zile safari za wanafunzi alizozihangaikia Tom Mboya na kulipiwa na wakfu wa akina Kennedy, alikwenda mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri. Huko alisoma Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake cha masista Wabenediktini, yaani wa shirika la Mtakatifu Benedikto. Alikaa miaka minne akasomea biolojia, na pembeni yake kemia na Kijerumani.

Masista wale hawakukikuta chuo kimejengwa. Walifika Atchison mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Marekani, na Desemba mwaka huohuo wakafungua shule ya wasichana yenye wanafunzi 44. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walikuwa na chuo chao palepale mjini, cha wanaume. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wakatoliki sehemu nyingi za nchi ile: vyuo vya mapadre vilikuwa vya wanaume, basi masista wakajenga vya kwao. Shule ile ndogo ikakua, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa chuo kamili kinachotoa shahada. Msichana alisoma falsafa, lugha, muziki na sayansi, na waliomfundisha walikuwa wanawake wenye shahada zao. Hebu fikirini maana ya hilo kwa binti wa Nyeri wa mwaka 1960: kuingia maabara na kumkuta mwanamke ndiye mwenye funguo.

Aliporudi Nairobi mwaka 1966, kazi aliyoahidiwa katika idara ya zoolojia alikuta amepewa mwingine. Hakuvunjika moyo. Ujuzi wake wa hadubini ndio uliomfungulia mlango wa idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari.

Mwaka huohuo wa 1971 chuo kilichomlea kilikoma kuwa chuo cha wanawake. Siku hizo vyuo vya wanaume vilikuwa vinafungua milango kwa wasichana, wasichana wapya wa kuingia utawa walikuwa wanapungua, na gharama zilikuwa zinapanda. Mount St. Scholastica kikaunganishwa na chuo cha wamonaki, kikazaliwa Benedictine College. Mapokeo ya Kanisa yanasema watakatifu Skolastika na Benedikto walikuwa ndugu wa tumbo moja. Vyuo vyao vilipoungana, jina lililoandikwa langoni ni la kaka. Ni kweli masista nao ni Wabenediktini, kwa hiyo jina ni lao pia. Hata hivyo, binti anayeingia pale leo haoni jina la Skolastika kwenye shahada yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mei 2024 mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Harrison Butker, alialikwa kuhutubia mahafali ya Benedictine College. Aliwaambia wasichana waliokuwa wamevaa majoho kwamba wamedanganywa kuhusu mambo ya kazi, na kwamba wengi wao bila shaka wanangojea zaidi ndoa na watoto. Masista wa Mount St. Scholastica, ambao monasteri yao bado iko palepale Atchison, hawakunyamaza. Walitoa tamko hadharani kwamba maneno yale hayawakilishi chuo waanzilishi wao walichokikusudia. Waliweza kusema hivyo kwa sababu wanajua walikusudia nini. Wana kumbukumbu zao. Ninyi siku mtakapoambiwa shule yetu iliundwa ili kuwafundisha wasichana kushona vitambaa vya meza, mtajibu kwa karatasi gani?

Pale Chicago kulikuwa na Mundelein, chuo kingine cha wanawake cha masista, kilichofunguliwa mwaka 1930 uchumi wa dunia ukiwa umeanguka. Mwaka 1991 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Loyola. Miaka mitatu baadaye ikaanzishwa pale hifadhi ya nyaraka za wanawake, na karatasi za Mundelein zikawekwa humo. Chuo kilikwisha, lakini anayetaka kukijua ana mlango wa kubisha.

Nawalaumu ninyi, na nailaumu nchi nzima. Sisi tunajenga ukumbi wa mamilioni kisha hatuna kabati la kuweka majina ya watu tuliowajengea. Mzee akifa tunachinja ng'ombe, na barua zake tunafungia maandazi. Halafu tunakaa kwenye semina tukilalamika kuwa historia yetu imeandikwa na wageni.

Kwa hiyo, kabla muungano haujatiwa sahihi, ulizeni haya: jina la shule litabaki wapi, maabara itakuwa chini ya nani, rejista zitakaa chumba gani. Yaandikwe. Wahojini masista wawili wa shule yetu waliobaki wakiwa bado wanakumbuka. Andikeni majina nyuma ya picha, kwa penseli. Lipeni michango ya chama.

Rejista niliyoiokoa iko mezani kwangu. Mwandiko ni wa Sista, wino wa buluu. Safu ya kwanza ni jina, ya pili kijiji, ya tatu kazi ya mzazi, ya nne ada. Kwenye ukurasa mmoja, mkabala na jina ambalo moto umekula nusu yake, ameandika: "Mbuzi mmoja, amepokelewa." Jina linaanzia na Wanj, kijiji hakisomeki. Jumamosi naileta kikaoni. Mwenye mama au shangazi aliyeingia kidato cha kwanza mwaka ule aje naye.

Mwalimu wenu wa historia