Msiseme ni baridi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke mwalimu mwenzetu tuliyemzika mwezi wa saba, nje kidogo ya mji wa Njombe. Alikuwa na miaka 29. Jina lake sitalitaja, mama yake ameniomba hivyo. Mengine yote ameniruhusu kuyasema. Walimu wa kike shuleni kwetu walikuwa wanne, lakini ukimsikia mtoto anasema "Madam" bila kuongeza jina, ujue anamsema yeye.

Msibani nilisikia mengi. Wengine walisema presha. Wengine walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Wengi, hasa wazee wenzangu, walitikisa vichwa wakasema baridi ya huku imemwingia kifuani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai kila ugonjwa tunausingizia baridi. Mtoto akikohoa ni baridi, akilalamika miguu ni baridi, au tunasema anarefuka. Mwalimu huyu hakuuawa na baridi. Moyo wake uliharibika akiwa darasa la tatu kwa sababu ya koo ambalo halikutibiwa, na hilo yeye mwenyewe alilijua kuliko sisi sote.

Aligundulika akiwa chuo cha ualimu, alipoanza kuishiwa pumzi kwenye kilima ambacho wenzake walikipanda wakiongea. Nieleze kama alivyonieleza. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi, anashambulia koo, sanasana la watoto wa miaka 5 hadi 15, na anaenea upesi pale wanapolala wengi chumba kimoja. Mtoto anaumwa koo na homa, baada ya siku chache anacheza, nyumba nzima inasahau. Kwa baadhi yao, wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na yule bakteria inageukia mwili wenyewe. Goti linavimba. Kesho goti limetulia, kiwiko ndicho kinachouma. Tumeiita homa ya baridi yabisi, na mimi naamini jina hilo limetuponza: tukisikia "baridi" tunaleta blanketi na mafuta ya kuchulia. Viungo vinapona. Zile valvu za moyo, vilango vya kupitishia damu, zinaweza kubaki na makovu, zikakakamaa mwaka hadi mwaka, na mtoto anakua nazo hajui.

Nina jambo la kukiri hapa. Miaka minne iliyopita nilikuwa bado mwalimu mkuu. Asubuhi moja nilikuwa nimewapigisha magoti wachelewaji mbele ya ofisi. Kijana mmoja wa darasa la tano alibaki amesimama. Nilimwamuru mara ya pili, akaninamishia kichwa, hakupiga magoti. Nikaona ni jeuri. Nilikuwa nimeshainua sauti Madam alipotoka darasani kwake na chaki mkononi, akachuchumaa mbele ya yule mtoto, akampandisha suruali taratibu. Goti lilikuwa limejaa, linang'aa. Akaligusa kwa mgongo wa kiganja, mtoto akaruka.

"Mkuu," aliniambia, hakunitazama, "naomba uje uone."

Hakunilaumu, wala siku za baadaye hakunikumbusha. Alimuuliza mtoto maswali ambayo mimi kwa miaka 30 ya ualimu sikuwahi kumuuliza mtoto yeyote: koo lilikuuma lini? Goti lipi lilianza? Usiku unahema vizuri? Kisha akampakia kwenye bodaboda kwa hela yake hadi zahanati, na kutoka zahanati akaenda naye hospitali kubwa, kwa sababu wazazi wake walikuwa wameondoka kwenda vibarua vya msimu. Moyo ulikuwa umeguswa, lakini mapema. Tangu hapo yule kijana anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, ili koo lisirudi kumshambulia na kuzidisha uharibifu. Madam naye alikuwa kwenye sindano hiyo hiyo. Akaomba tarehe zao ziwe siku moja. Ukipita barabara ya zahanati siku hiyo ungewaona, mwalimu na mwanafunzi, wanakwenda polepole kwa sababu hakuna kati yao aliyepaswa kuharakisha, na wakirudi wote wanachechemea kidogo upande mmoja. Sindano ile inauma.

Alifanya na mengine. Masweta ya mtumba aliyonunua mnadani na kuyashona viwiko, uji kwa waliotoka nyumbani bila kula. Hayo kila aliyesoma pale anayajua. Lakini kilichokuwa chake peke yake ni ile tochi ya simu na kijiko. Mtoto akisema koo linauma alimpeleka dirishani, akamwambia aseme "aaa". Kama alikuwa na mafua yanayochuruzika na kikohozi, mara nyingi alimwambia apumzike anywe vya moto. Kama koo lilikuwa jekundu, lina usaha, tezi za shingo zimevimba na mtoto ana homa, alimwandikia mzazi barua aende zahanati siku ile ile. Hakujifanya daktari. Alikuwa akiwakumbusha wazazi kwamba akipewa vidonge vya siku 10 amalize siku 10, hata kama siku ya tatu anaruka kamba.

Watu walimsema. Msichana mzuri, ana mshahara, haolewi. Wengine walidai anaringa, na kisimani yalisemwa mabaya zaidi ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Ukweli ni kwamba madaktari walikuwa wamemweleza kwamba ujauzito ungeuelemea moyo wake kuliko ungeweza kustahimili. Alikuwa na mchumba. Alimwambia ukweli wote, kisha akamwachia njia. Nilikuja kujua haya mwaka jana tu, nilipokuwa nastaafu, naye aliyasema kama mtu anayeeleza kwa nini hakufika kwenye kikao. Nawaomba waliomsema, na wanajijua, waende wakamsalimie mama yake.

Mama huyo amebeba mzigo mwingine. Aliniambia, "Mwalimu, sisi tulimkata kimeo. Alikuwa anaumwa koo kila mara, tukampeleka kwa mzee wa kukata vimeo, tukijua tunamponya." Nilimjibu kwamba hata mimi wanangu wawili walikatwa. Ndivyo tulivyojua. Lakini sasa tunajua, na vimeo bado vinakatwa vijijini mwetu, hapa Njombe na kwingineko, na mtoto anarudi nyumbani na kidonda huku yule bakteria amebaki kooni. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu wa moyo, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu yake. Kinachouzuia ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu kuliko sare ya shule.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, na ninaomba kwa nguvu: walimu wa shule za msingi wafundishwe dalili hizi kama wanavyofundishwa za malaria, na zile sindano zisikosekane kwenye zahanati. Kuna miezi miwili Madam na kijana wake waliambiwa zimeisha, wakarudi walivyokwenda. Sitaji zahanati, wahudumu wake walikuwa wanahangaika kama sisi. Ninachosema ni kwamba mwenye ugonjwa huu hana mwezi wa kuruka.

Kijana sasa yuko kidato cha pili. Kadi zao zote mbili alikuwa akizitunza Madam kwenye bahasha moja, na baada ya matanga mama alimpa kijana bahasha yote. Jumanne iliyopita ilikuwa tarehe yake. Nilimkuta amekaa chini ya mkaratusi, pale walipozoea kukutana, ameishika bahasha kwa mikono miwili. Akasimama akaniamkia. Akatoa kadi yake akaiweka mfukoni, ile ya pili akabaki ameishika, hajui aipeleke wapi. Nikampokea nikaiweka ndani ya koti langu. Tukaanza kutembea, polepole, kama walivyokuwa wakienda.

Mwalimu mstaafu,
Njombe