Mbolea ya bei nafuu tumeona, bakteria wa soya wako wapi?

Mhariri,

Kila msimu wa kupanda stori ni ile ile, mbolea ya serikali imefika depo ya NCPB (ile bodi ya nafaka ya taifa) ama haijafika, nani amepata meseji nani hajapata, gunia ni shilingi 2,500, na mimi sipingi, hiyo bei imetusaidia sana. Lakini mbona hakuna mtu anataja zile pakiti za bakteria za kupaka mbegu ya soya, na zinatengenezwa hapa hapa Nakuru? Kwetu Bungoma ukiziulizia agroveti unaangaliwa tu alafu unaletewa DAP, mbolea ya kawaida ya kupandia.

Hewa tunayopumua karibu asilimia 78 ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuila vile ilivyo, atomu zake zimeshikana mbili mbili na haziachani kirahisi. Kiwandani wanaziachanisha kwa joto la digrii 400 na zaidi pamoja na presha kali, ndio maana bei ya gesi wanayotumia ikipanda huko nje mbolea nayo inapanda huku. Sasa mimea ya jamii ya kunde, kama maharagwe na soya, imeshapatana na bakteria wanaoitwa rizobia: mzizi unatoa kemikali yake kwa udongo, bakteria wanaitambua wanajibu na yao, kinywele cha mzizi kinajikunja kinawafunika, wanaingia ndani na hapo kinaota kinundu. Mmea unawalisha sukari, wao wanaupa naitrojeni. Na kwa vile oksijeni inaharibu kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi, ndani ya kinundu kuna protini nyekundu, ndugu ya ile ya damu yetu, inayoshika oksijeni na kuitoa kidogo kidogo.

Asiyeamini aende shambani maharagwe yakianza maua, achimbe mche mmoja na jembe, asiung'oe kwa sababu vinundu vitakatikia kwa udongo, aoshe mizizi polepole alafu apasue kinundu na ukucha. Kikiwa chekundu ama pinki, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe ama kijani, hakuna kitu hapo.

Soya ndio ina shida zaidi kwa sababu asili yake ni huko Uchina, na bakteria inaowataka mara nyingi hawatoshi kwa mashamba yetu, si kama kunde na njugu ambazo kwa kawaida zinawapata wa kwao bila kusaidiwa. Mtu anapanda, inatoka njano, anasema shamba limekataa soya, anarudi kwa miwa. Kumbe pakiti ndogo tu ingetosha kilo kadhaa za mbegu.

Hao bakteria pia si miujiza. Udongo wetu huku magharibi sehemu nyingi una asidi na fosforasi ni kidogo, bila chokaa watahangaika, na ukimwaga CAN nyingi, ile mbolea ya naitrojeni, mmea unaacha kujisumbua na vinundu.

Naomba kaunti na NCPB waziweke hizo pakiti kwa mpango ule ule wa mbolea, na maafisa wa kilimo watuonyeshe vile zinapakwa, kivulini, mbegu ipandwe siku hiyo hiyo. Na wenye agroveti waziweke mahali pa baridi tafadhali, hivi ni viumbe hai, zikikaa dirishani jua linazipiga tunauziwa vumbi.

Mkulima, Bungoma