Mume akikuna nazi, kalishwa limbwata?

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu filamu hizi za mapenzi na ndoa zilizojaa kwenye simu za watu siku hizi.

Mimi ni fundi seremala, mkaazi wa Likoni, miaka 58. Mke wangu huuza mahamri na mbaazi tangu alfajiri. Kwa hivyo kila usiku baada ya isha mimi hukaa juu ya mbuzi nikakuna nazi nne, naye akikanda unga. Ndiyo ada yetu tangu kifungua mimba wetu akiwa mchanga.

Mwezi jana nilikuwa nakuna vivyo hivyo, wajukuu wameikodolea macho filamu. Mume wa humo kajifunga leso kiunoni, anaosha vyombo. Mavyaa kuingia tu, akapiga ukemi. Wakaitwa mashangazi, akaletwa mganga, godoro likapinduliwa, hirizi ikatoka. Yule mume alipozinduka, la kwanza alilofanya ni kumzaba mkewe kofi, na muziki wa furaha ukapigwa! Mjukuu wangu wa miaka minane akanigeukia. Akanitazama mimi, akaitazama nazi. "Babu, kwani na wewe bibi alikulisha limbwata?"

Nilicheka. Mke wangu hakucheka. Alikanda, akakanda, kisha akasema, "Mwambie nilikulisha mahamri."

Tangu siku hiyo nazitazama filamu hizi kwa jicho la fundi. Mwanamume ni tajiri asiyejulikana anafanya kazi gani, funguo za gari zinaning'inia kidoleni kutwa, au ndiye huyo bwege aliyerogwa. Mwanamke naye kama halii kwenye kochi, basi yuko kwa mganga. (Makochi yenyewe, nasema kama mwenye kazi yake, hayajawahi kukaliwa na mtu, mengine bado yana nailoni ya dukani.) Karo hailipwi. Hakuna anayekwama feri akachelewa kazini.

Binti yangu aliyeko chuo kikuu akanieleza kuhusu kipimo kilichotokana na katuni ya Mmarekani, Alison Bechdel, ya mwaka 1985: filamu iwe na wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yasiwe ya mwanamume. Tukapima filamu tatu, zote zikaanguka. Katika moja, wanawake wawili walikutana sokoni, mmoja na kikapu cha samaki. Mwenziwe hata hakuuliza samaki ni bei gani! Ni "mume wangu, mume wangu" mpaka wakaagana. Nami nikaongeza kipimo changu: je, wapo wanaume wawili wanaozungumza habari za watoto wao? Hata wa dawa.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile kofi. Kenya imekuwa na sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani tangu 2015, na huku kwenye filamu kofi limegeuzwa dawa ya kuondolea uchawi, watoto wakitazama na kuchekelea.

Basi nyinyi mnaotunga hadithi hizi, karibuni Likoni usiku wowote baada ya isha. Nazi zipo, na mbuzi ya pili nitawachongea mwenyewe.

Fundi Seremala,
Likoni, Mombasa