Mhandisi wetu anataka korona ya mkonge izunguke Mei Mosi

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Sisi ni makarani na wanyapara wa shamba la mkonge mkoani Tanga. Tunaye mhandisi mgeni kutoka Marekani, na hii ndiyo Mei Mosi yake ya kwanza huku. Kwao sikukuu ya wafanyakazi ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, tangu 1894. Tarehe 1 Mei watu wako kazini kama kawaida, ingawa chimbuko la siku yenyewe ni mgomo wa Chicago wa 1886 wa kudai saa nane za kazi kwa siku. Sasa anataka korona, yaani mtambo wa kukwangua majani ya mkonge, izunguke siku hiyo, kisha watu wapumzishwe Septemba.

Hana nia mbaya, anahofia majani, na hofu hiyo ni ya haki. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Likilala siku mbili hunyauka, nyama yake hung'ang'ania, visu havikwangui vizuri, singa, yaani nyuzi za mkonge, hutoka na madoa, na mali ya daraja la 3L hushuka kuwa UG, daraja la chini yake. Ukikumbuka kwamba kilo 100 za majani hutoa singa kilo nne au tano tu, kila fungu lina uchungu wake.

Dawa tunaiona: 30 Aprili ukataji ukome saa nne asubuhi, matrekta yamalize kubeba mchana, korona imalize majani yote jioni na ioshwe usiku uleule. Kuosha kusiahirishwe, maana maji ya mkonge yana asidi na hula chuma. Tarehe 2 wakataji waingie alfajiri, korona iwashwe mchana.

Hilo amelikubali nusu. Bado anataka mafundi wawili wabaki Mei Mosi kubadili visu, kwa kuwa siku nyingine ngoma ya korona inayobeba visu hivyo haipumziki. Iwapo majani yatabaki, anataka na wakataji waitwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, kifungu cha 25, inataka kazi ya sikukuu ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na haisemi lolote juu ya kubadilishana sikukuu na siku nyingine. Kwa mafundi wa mshahara hesabu ni nyepesi. Wakataji hulipwa kwa mafungu ya majani 30, na kifungu cha 26 kinataka tuangalie mapato ya wiki 13 zilizotangulia. Daftari letu lina mafungu, saa hazimo. Tugawe kwa saa zipi bila kumpunja mtu?

La pili linatuumiza zaidi. Mafundi hao wakiulizwa na mhandisi mwenyewe hawatathubutu kukataa, na mmoja wao ndiye hushika bango la tawi letu la chama cha wafanyakazi kwenye maandamano ya Mei Mosi. Nani awaulize, mhandisi au kiongozi wa tawi? Na je, ni adabu kumwalika mgeni huyu aandamane nasi, au ataona tunamlazimisha?

Tunasubiri jibu lako kabla ratiba ya Aprili haijabandikwa.

Makarani na wanyapara, Tanga