Nani kathibitisha, na kwa kipimo gani?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, ingawa sababu zilikuwapo. Ripoti yenu ya ukurasa wa afya kuhusu ukwepaji uliokithiri wa matakwa kwa watoto wenye usonji (kwa kifupi cha Kiingereza PDA), yaani mtoto kukataa hata mambo ya kawaida kwa sababu tu ametakiwa kuyafanya, imenishinda kunyamazia. Mmeandika kwamba wanasayansi "wamethibitisha aina mpya ya usonji".

Kwanza, si mpya. Mwanasaikolojia Elizabeth Newson wa Nottingham, Uingereza, aliianza kazi hiyo miaka ya 1980, na makala yake na wenzake ikatoka katika jarida la kitabibu mwaka 2003. Pili, haijathibitishwa. Haimo katika DSM-5 ya 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, wala katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Hiyo haina maana kwamba watoto hao ni wa kubuni. Wapo, wanateseka, na wazazi wao wamechoka. Ubishi ni juu ya kama wana tatizo moja lenye chanzo kimoja, na hilo ndilo mlilolitangaza kuwa limekwisha.

Kile mlichokiita "kipimo" ni dodoso la EDA-Q la mwaka 2014. Lina maswali 26. Anayejibu ni mzazi, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 78. Mtoto wa miaka 5 hadi 11 huangaliwa zaidi akifika 50, wa miaka 12 hadi 17 akifika 45. Mmeziandika namba hizi kana kwamba ni za sukari ya damu. Dodoso lilijaribiwa kwa majibu ya wazazi 326 waliolijaza mtandaoni, na mtoto aliingizwa katika kundi la PDA kwa sababu mzazi alisema hivyo. Basi mzazi ambaye tayari anazijua dalili anaulizwa dalili zilezile, majibu yanaoana, na sisi tunaambiwa chombo kinapima sawasawa. Huko ni kuzunguka kama punda wa kinu. Mapitio ya tafiti 13 yaliyochapishwa 2021 yaliusema udhaifu huu waziwazi. Mwandishi wenu hakuyagusa.

Ile "mmoja kati ya watano" wa wenye usonji kuwa na PDA, mliyoipamba kwa herufi nene, inatoka Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, utafiti wa 2015: vijana 9 kati ya 50 wenye usonji. Mmeiacha nusu ya pili ya matokeo. Tabia hizo zilikuwa za utotoni, na kufikia wakati wa tathmini ni mmoja tu kati ya hao 9 aliyekuwa bado anatimiza vigezo vyote.

Sasa chukueni mtoto aliyeambiwa "vaa viatu" akakataa, akapiga mayowe, akajifungia. Huenda mshono wa soksi unamchoma. Huenda sentensi ilikuwa ndefu na ameshika neno la mwisho tu. Huenda hajui baada ya viatu kinafuata nini, na kutojua huko ndiko kunakomtia hofu. Huenda umakini wake umehama kabla hajafika mlangoni, au hakulala, au mahali anapopelekwa anaonewa na hana maneno ya kulieleza. Huenda pia ni amri yenyewe inayomtisha, hata ya kitu anachokipenda, na hapo ndipo tungeanza kuzungumzia PDA. Katika dodoso wote hawa wanaweza kupata alama ileile. Anayeumizwa na soksi hatasaidika kwa kupunguziwa maagizo, na anayetishwa na amri atazidi kuharibikiwa mkimletea chati ya nyota na zawadi. Utafiti wa maana ungewachukua watoto wote wanaofika kliniki kwa zamu, bila kuchagua wale ambao wazazi wao tayari wana jina mdomoni. Ungepima wasiwasi, lugha, usingizi, umakini na hisi kila kimoja peke yake. Mtazamaji asiyejua alama za dodoso angemwangalia mtoto nyumbani na shuleni. Mtoto mwenyewe angeulizwa. Kisha wangefuatiliwa kwa miaka. Kazi hiyo ni ghali na ya polepole. Ushauri wa malezi mliouchapisha kwa vitone saba umetokana zaidi na uzoefu wa wazazi na walimu kuliko na majaribio ya kugawa watoto kwa kura. Huenda unafaa, lakini mngesema.

Na ile picha! Kila habari ya usonji lazima iwe na mvulana mdogo aliyeziba masikio, kichwa chini, pembeni mwa dirisha. Wasichana na watu wazima hawana usonji katika maktaba yenu ya picha?

Pendekezo langu ni dogo. Chini ya kila habari ya utafiti wekeni kisanduku cha mistari minne: washiriki walikuwa wangapi, walipatikana wapi, nani alijibu maswali, walilinganishwa na nani. Mwandishi akishindwa kukijaza, habari ihamishiwe ukurasa wa utabiri wa nyota, ambako neno "imethibitishwa" halijawahi kumsumbua mtu.

Msomaji wenu, mtaalamu wa maendeleo ya watoto